Boya Namba Saba

Tulishusha maboya kumi na mawili alfajiri,
juu kidogo ya Sirajganj, ukungu ungali mzito,
kila moja rangi ya chungwa, unene wa sufuria ya harusi,
tumboni betri, utosini antena,
na chini yake pazia la turubai
lizamalo ili lishikwe na mkondo, si na upepo.
Kefayet wa injini akauliza: Haya ndiyo nini?
Nikamwambia: Macho.
Akatema mate majini. Macho hayaelei, alisema.

Kila dakika kumi boya huita angani,
setilaiti huitika,
na kwenye skrini yangu nukta moja huzaliwa.
Nukta kwa nukta Mto Jamuna ukajiandika
kwa mwandiko mbaya wa mtu mwenye haraka:
mita moja nukta nane kwa sekunde katikati,
mbili na ushee pale unapoutafuna ukingo,
na nyuma ya kisiwa cha mchanga
sufuri, sufuri, kisha kinyumenyume,
kana kwamba umekumbuka kitu ulichosahau nyumbani.
Maji yakimwagika hayazoleki, nililelewa hivyo.
Mimi niliyazoa siku nzima, kwa namba,
wala sikulowa hata kidole.

Magharibi namba saba likafanya kituko.
Lilisimama saa moja. Halafu likapanda.
Likatoka majini, likakata shamba la juti,
likaenda kilomita nne kwa saa,
mwendo wa mtu,
tena mtu asiye na hofu,
likafika mahali pasipo na jina kwenye ramani yangu
na likalala hapo.
Mto umeingia jikoni mwa mtu, nikasema.
Kefayet hakucheka. Si mara ya kwanza, alijibu.

Asubuhi tukalifuata.
Lilikuwa rafuni, kati ya chupa ya mafuta ya haradali
na taa isiyo na utambi,
limefunikwa kitambaa kama mgonjwa.
Mwenye nyumba, Jobeda, alitukaribisha chai.
Nikaeleza: ni mali ya idara, mama, linapima kasi ya maji.
Akasikiliza hadi mwisho, kwa adabu zote.

Kasi? akasema.
Nyumba ya kwanza, mwaka nilioolewa, iliondoka kwa siku tisa.
Ya pili siku nne.
Ya tatu usiku mmoja, pamoja na kisima na kaburi la mwanangu.
Ya nne sikuwepo, niliambiwa.
Ya tano tuliibomoa wenyewe, tukauwahi mto.
Hii ya sita, Ijumaa iliyopita,
kutoka mlangoni hadi majini hatua arobaini.
Leo thelathini na moja.
Andika.

Nikaandika.
Daftari la idara halina safu ya nyumba,
halina safu ya kaburi;
niliandika pembeni, kwa penseli, herufi ndogo.

Akamimina chai.
Miaka yote mto unachukua changu, nimenyamaza.
Juzi nimeona kitu chake kinapita, nikachukua kimoja tu.
Na wewe umeshafika kudai, maji hayajachemka!
Mimi nyumba zangu tano
nimdai nani? Nipe jina lake, nipe na mlango.

Kefayet akatazama vidole vyake vya miguu.
Nikanywa chai. Ilikuwa na chumvi kidogo.
Kwenye ripoti nikaandika: namba saba, halikupatikana.

Huo ulikuwa uongo, maana kila dakika kumi nililipata.
Ofisini, wenzangu wakiandamana na yale kumi na moja
hadi yalikofifia kusini,
mimi nilibaki na nukta isiyotembea:
sufuri. Sufuri. Sufuri.
Sijawahi kuipenda namba hivyo.
Niliiangalia kabla ya kula, niliiangalia kabla ya kulala,
kama mtu anayesikiliza pumzi chumba cha pili.

Usiku wa kumi na mbili, mvua ikipiga mabati,
nukta ikasogea.
Nikasema moyoni: amelichoka, amelirudisha.
Nikasema: au mtoto wa jirani amelibeba.
Nikampigia Kefayet. Simu ikaita, ikaita.
Nikasubiri nukta ya pili ili nipige hesabu.

Mita mbili nukta moja kwa sekunde.
Huo si mwendo wa mtu.